Rehani ya Dundee: Wa Pili Hapati Kitu

Kile kicheko cha Zadock mlichokisikia wiki jana kilikuwa bado hakijaisha.

Kilianzia kooni, kikashuka tumboni, kikarudi juu mpaka kikamtoa machozi. Alikuwa ameketi nyuma ya meza yake kubwa katika ofisi ya kupanga huko ughaibuni, mjini Eagan. Meza yenyewe haikuwa na karatasi hata moja, ila kibao cha shaba chenye jina lake na cheo alichojipa mwenyewe. Mbele yake alisimama Emérance, koti la baridi bado mwilini, theluji ikiyeyuka kwenye viatu, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Wa pili!" Zadock alirudia, akijifuta macho kwa ncha ya tai. "Mama Merveille, wewe ni wa pili. Na kwa ile nyumba yangu, wa pili hapati kitu."

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usihangaike, mambo yenyewe ni machache. Emérance Bagalwa, Mama Merveille kwa jina la bintiye, ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, anasafisha vyumba hotelini. Ndiye anayeshika fedha za likelemba, ule mchezo wa kuchangiana wa akina mama kumi na tisa wa kanisa lao la mjini Saint Paul. Wengi wao hufunga maboksi kwenye maghala ya Shakopee mpaka vidole vikafa ganzi. Oktoba, Zadock, Mkenya wa kanisa hilo hilo, aliwaimbia wimbo mtamu wa magari matano ya kubebea wagonjwa, wakamkopesha dola arobaini na sita elfu.

Januari ikafika, magari hayakuonekana, hata tairi moja. Akina mama wakadai dhamana. Zadock akawawekea rehani fleti aliyoinunua Dundee, Uskoti, enzi za masomo yake. Akatia saini. Na asubuhi hii ya Alhamisi, Februari 2017, Emérance alikuwa amekuja kudai chake, akaambiwa kwamba jana tu mtu mwingine ameandikisha rehani juu ya fleti hiyo hiyo. Mtu mwenyewe ni Naftali, binamu yake Zadock, anayeishi Dundee.

"Naftali alikukopesha lini?" Emérance aliuliza.

"Hayo ni ya familia."

"Alikukopesha nini? Huyo Naftali nasikia anaosha magari ya watu."

"Mama, usiingilie. Hati inasema ananidai pauni sitini elfu. Nyumba haifiki hata hizo. Yeye akishakula, wewe utalamba sahani."

Emérance aliupiga mkoba wake kofi dogo. "Hati niko nayo hapa, ile yenye wino wako. Wewe mwenyewe ulinipa mkononi. Ulisema, kaa nayo Mama, usimpe mtu, ndiyo garantie yako."

Zadock aliinamia meza, akashusha sauti kama anayemwelekeza mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu.

"Sikiza. Ukiniwekea rehani pete yako, mimi naishika. Maadamu naishika, nina dhamana. Nikikurudishia, imekwisha. Hiyo ndiyo sheria ya Scotland kwa vitu vya kushikika. Lakini nyumba utaishikia wapi? Kwapani? Nyumba inashikwa ndani ya rejista, kule Edinburgh. Ukikosa ku-register, umebeba karatasi tu. Tumia kufungia mandazi."

"Na ulijua hivyo siku unanipa."

"Vizuri sana."

Alilitamka neno hilo kwa raha, kama mtu aliyelihifadhi wiki tano akingoja siku ya kulifungua.

Emérance alimtazama kwa makini. Alitarajia hasira, haikuja. Kilichokuja ni kinyaa, kama anapofunua godoro la hoteli na kukuta kunguni. Wezi aliowajua Bukavu angalau walikuwa wakikimbia. Huyu aliiba huku ameegemeza mgongo.

"Unanuka marashi mengi, Papa Zadock," alisema. Akageuka, akatoka.

Kicheko kilimfuata mpaka kwenye ngazi.

Ndani ya gari alikaa bila kuwasha injini. Angewaambia nini akina mama? Kwamba wiki tano nzima amekuwa akilala na karatasi chini ya mto kama mwali na barua ya mchumba?

Akampigia Margaret.

Margaret ni wakili wa akina mama, Mkenya aliyeishi Dundee miaka ishirini, na hana subira na wajinga. Kwa wiki tano alikuwa amemweka Emérance katika kundi hilo. Yeye ndiye aliyeandika hati ya rehani. Yeye ndiye aliyeomba, akasihi, akafoka kwamba hati yenyewe itumwe kwake iandikishwe. Na Emérance alikuwa amekataa, kwa kuwa Zadock alimwambia isitoke mkononi mwake.

"Mama Merveille," sauti ilisema. "Umeamua kunitumia ile hati, au unapiga kunijulia hali?"

"Naftali ameandikisha rehani jana. Amenitangulia."

Vidole viligonga kompyuta.

"Naam, ninaiona. Ombi limeingia jana. Alaa! Amelijaza mwenyewe, hakuweka wakili. Amebana pesa." Vidole vikasimama. "Kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Margaret akafanya jambo ambalo Emérance hakuwahi kulisikia kwake. Alicheka.

"Januari nilikutumia karatasi mbili za Zadock kusaini. Moja ilikuwa hati ya rehani. Ya pili ilikuwa nini?"

"Zadock alisema ni risiti."

"Risiti! Ndivyo alivyokuambia?"

"Alisaini akiwa anaongea na simu. Hakusoma. Alisema karatasi za wafagiaji hazisomwi."

"Basi asante Mungu kwa dharau yake. Ile ilikuwa ombi la notisi ya awali. Wewe hukunitumia hati, lakini ile karatasi ulinitumia, na mimi nikaiwasilisha Edinburgh siku hiyo hiyo. Wakili angeikuta kwenye rejista, Naftali hakutazama. Sikiliza kwa makini. Kwa siku thelathini na tano rejista inakushikia nafasi. Hati nyingine ikijipenyeza katikati, inajipenyeza kwa hasara yake. Ya kwako ikifika ndani ya siku hizo, inakaa mbele, na ile ya Naftali inasukumwa nyuma. Yeye ndiye anakuwa wa pili."

Emérance alifunga macho. Akafumbua.

"Siku zimebaki ngapi?"

"Leo ni ya thelathini na nne."

"Yesu wangu."

"Kesho Ijumaa, kabla ofisi haijafunga. Tena ninataka hati yenyewe yenye wino, sitaki picha wala barua pepe. Ikifika Jumatatu, notisi imekufa na wewe unapanga foleni nyuma kama wadai wengine wote. Umenielewa safari hii?"

"Nimekuelewa, avocate."

"Miujiza haijaisha," Margaret alisema, akakata simu.

Posta haingefika. Emérance mwenyewe asingeweza kwenda, hati yake ya kusafiria ya mkimbizi ingetaka viza, na viza ingetaka majuma. Alibaki mtu mmoja. Merveille, bintiye wa miaka ishirini na mitatu, aliyekula kiapo cha uraia kiangazi kilichopita, kwa hiyo hahitaji viza, akahamia Maple Grove na rafiki yake na kuuza viatu dukani.

"Mom, I'm at work."

"Leo hufanyi kazi. Leo unaenda Uskoti."

"Scotland? Like, today?"

"Saa kumi alasiri, kwa Amsterdam. Asubuhi uko Edinburgh, unampa Margaret bahasha, unalala, unarudi. Lete passeport na nguo za baridi."

"Mom, you can't just..."

"Kumi na tisa, Merveille. Mama kumi na tisa. Wawili kati yao walikubeba mgongoni kutoka Kavumu."

"Okay. Okay. Nakuja."

Tiketi ilimeza mshahara wa mwezi mzima. Emérance aliibonyeza bila kupepesa macho.

Ilikuwa bado kidogo saa sita mchana alipomaliza kupiga deki nyumbani kwake, maana yeye akiwa na wasiwasi hupiga deki, mlango ukagongwa. Akachungulia kwenye tundu. Zadock.

Tai haikuwepo. Kicheko nacho hakikuwepo. Mlango ulipofunguliwa tu aliingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye kiti bila kuambiwa.

"Mama Merveille. Mama yetu," alianza. "Asubuhi tulitaniana vibaya."

"Mimi sikutania."

"Naftali amepigiwa simu na Edinburgh. Wanasema kuna kitu kwa ile page ya nyumba. Notice. Inakaa mbele yake."

"Eh."

"Nani alikufundisha hiyo mambo?"

"Wewe ndiye ulisaini, Papa Zadock. Ile risiti."

Uso wake ulibadilika rangi. Alikuwa akikumbuka, na Emérance alimwona akikumbuka: ile simu sikioni, ile kalamu ikipita haraka, ule ujeuri wa mtu asiyeona haja ya kusoma anachowekewa na mwanamke mwenye harufu ya sabuni ya hoteli.

"Uliniwekea mtego."

"Mimi? Mimi nasafisha vyumba."

Zadock akalamba midomo. Akachomoa karatasi mfukoni, akaitandaza gotini. "Hii ni form ya kuiondoa notice. Unaikubali tu. Kesho asubuhi nakupa elfu kumi, cash. Zako wewe, si za wale wamama. Hawatajua."

"Elfu kumi."

"Kumi na mbili."

"Asubuhi nilikuwa wa pili ninayelamba sahani. Saa hizi nimepanda bei."

"Kumi na tano! Mama, fikiria. Hata hiyo karatasi yako haiko Scotland. Iko hapa. Itafika vipi kesho? Utaogelea?"

Emérance alikuwa ameshika fimbo ya deki kwa mikono miwili, akiwaza jinsi mtu mzima aliyevaa suti ya dola mia sita anavyoweza kuwa mdogo hivi. Alitaka kumchukia, ikamshinda. Chuki inataka mtu mwenye kimo.

"Una mke mwenye kazi nzuri," alisema hatimaye. "Una akili ya shule. Ulikuwa na nyumba Ulaya. Na bado ukaja kuiba kwa wanawake wanaokojoa kazini kwa kupimiwa saa, kwa ruhusa ya msimamizi. Franchement, kusema kweli, Papa Zadock, hata kuiba hujui. Umeiba kwa maskini, umewaachia saini yako."

Zadock alisimama kwa ghadhabu. "Nyinyi wakimbizi! Mnapewa nyumba, mnapewa food stamps mle bure, halafu mnataka kutufundisha business!"

"Toka. Viatu vyako vina maji ya theluji, na nimepiga deki."

Alifika mlangoni, akageuka. Kwa namna isiyotazamiwa alikuwa ametulia, tena anatabasamu kidogo.

"Sawa. Kumbe sikuwa na haja ya kukuomba."

Akatoka. Emérance alifuta alama za viatu vyake, kisha akazifuta tena.

Merveille aliwasili saa saba na nusu, begi mgongoni, vizibo vya muziki masikioni. Mama yake aliitia hati ndani ya bahasha ya kaki mbele ya macho yake, akalamba gundi, akaiziba, akapitisha utepe mara tatu.

"Usiifungue. Usimpe mtu ila Margaret. Atakungoja mlangoni, mwanamke mnene mwenye miwani ya kijani."

"Mom, I got it."

"Sema kwa Kiswahili, nisikie."

"Nimeelewa, Mama."

Kwenye uwanja wa ndege walikumbatiana haraka, maana polisi alikuwa akiyapungia magari yaondoke. Emérance alisogea mpaka maegesho ya kungojea wageni, akakaa humo na simu pajani. Saa kumi na dakika tano ujumbe uliingia: *Taking off. Love you.* Akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akafikiria namna atakavyowasimulia akina mama Jumapili, na uso wa Zadock atakaposimama kuimba kwaya.

Simu ikalia. Namba hakuijua.

"Mama Merveille? Mimi Jedidah. Mke wa Zadock."

Emérance aliwahi kumwona kanisani, nesi mrefu asiyecheka ovyo, aliyekaa daima viti viwili mbali na mumewe.

"Amekutuma?"

"Mimi hanitumi mahali. Leo saa sita na nusu amenijia kazini na karatasi, anataka niweke jina niwe shahidi. Eti wewe umekubali notisi yako iondolewe. Nikamwuliza, huyo mama yuko wapi nimwone akikubali? Akasema uko garini unaona aibu. Nikamwambia akatafute mpumbavu mwingine, mimi nina leseni ya kazi, siichezei kwa sababu ya wizi wake."

"Asante, dada."

"Usinishukuru bado. Picha za simu yake zinaingia kwa tableti ya nyumbani, na hajui. Nimerudi sasa hivi, nimeikuta. Karatasi imeshajazwa na ameshamtumia Naftali. Nakutumia uione."

Picha ikaingia. Emérance aliikuza kwa vidole viwili.

Ilikuwa ile ile fomu aliyoitandaza gotini. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa vizuri, *Emérance Bagalwa, mdai*. Na mahali pa saini hapakuwa na saini. Palikuwa na dole gumba. Dole nene la zambarau, limekandamizwa mpaka wino ukatambaa pembeni.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Alisema wewe hujui kuandika."

Emérance kilimtoka kicheko kikali, kicheko cha dharau tupu, mpaka mtu wa gari la jirani akageuza shingo. Miaka kumi na mmoja alifundisha darasa la tano Bukavu. Alisahihisha insha kwa wino mwekundu mpaka mkono ukavimba. Zadock alikaa naye vikao sita, akala sambusa zake, akachukua fedha zake, na hata siku moja hakufikiria kuuliza kama mama huyu anajua kushika kalamu!

"Dole lenyewe ni la nani?"

"Lake. Wino wa mhuri. Amechafua taulo langu jeupe," Jedidah alisema kwa chuki ya mtu aliyechoshwa na mambo madogo zaidi kuliko makubwa. "Lakini, Mama Merveille... umesoma chini? Kwa shahidi?"

Hakuwa amesoma. Alisogeza picha juu.

Shahidi alikuwa ameandika kwa mkono. Jina, anwani ya Maple Grove, saini. Herufi za duara, zenye mikia mirefu, zilizolala kidogo kushoto. Emérance hakuhitaji kuzisoma. Alizifundisha mwenyewe, herufi moja moja, kwa mtoto wa miaka mitano aliyekaa juu ya debe la mafuta katika kambi ya wakimbizi, akishika kipande cha penseli kama kijiko.

*Merveille Bagalwa.*

"Nilidhani unajua," Jedidah alisema taratibu. "Nilidhani labda mmegombana."

Emérance alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Juu ya paa la gari ndege moja ilipita ikiunguruma, ikaenda zake, kisha nyingine. Ile ya Amsterdam ilikuwa angani tayari, na bahasha ndani yake. Bahasha aliyoifunga mwenyewe. Bahasha aliyoipa mikono ile ile iliyoandika lile jina.

Alimpigia Margaret.

"Dole gumba," alisema. "Kwa sheria yenu linakubaliwa?"

"Badala ya saini? Karatasi ya namna hiyo ningeitundika ofisini niwachekeshe wateja. Kwa nini?"

"Na shahidi wake?"

"Shahidi wa upuuzi ni upuuzi. Usihangaike na karatasi za Zadock. Mimi ninachotaka ni hati yako, mkononi, kesho. Iko njiani?"

Emérance aliutazama usukani. Sauti ilipotoka haikuwa na machozi. Ilikuwa kavu, ile ya darasa la tano.

"Kesho ukimpokea binti yangu, usimsalimie."

"Nisimsalimie?"

"Chukua bahasha kwanza. Ifungue hapo hapo, mbele ya macho yake. Ukiikuta hati, mkumbatie, mnunulie chai, umwambie mama yake anampenda."

Margaret hakuuliza kwa nini. Wakili hulipwa kwa kujua swali la kuacha.

"Na nisipoikuta?"

"Usipoikuta, muulize jambo moja tu. Muulize Zadock alimnunua kwa bei gani." Emérance aliwasha injini. "Na uniombee, Margaret. Niombee isiwe bei ndogo."